Mkono wa Shangazi

Tumpe Mwakajila alianguka na ndege siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, katika mbuga za Wembere, akiwa amebakiza mstari mmoja wa kunyunyizia nzige dawa kabla ya kurudi kambini. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ndege yake ndogo ya umeme ilifika mwisho wa mstari, ikalala ubavu ili igeuke, na katikati ya kona bawa la kushoto likaacha kubeba. Kutoka hapo hadi chini palikuwa na mita arobaini tu. Wafugaji waliomtoa kwenye mabaki walisema alikuwa na fahamu zake, na maneno aliyokuwa akiyarudia ni kwamba kona ile anaijua.

Habari zilimfikia Fadhila Mkwizu akiwa mezani kwake Dodoma, katika karakana iliyotengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Kipanga. Wenzake chumbani walisikitika, wakauliza kama yuko hai, wakamshukuru Mungu, wakarudi kwenye kazi zao. Fadhila aliinuka, akaenda msalani, akajifungia. Katika karakana nzima ni yeye na mkuu wake tu waliojua kwa nini Tumpe aliamini kwamba anaijua kona ile.

Kipanga ulikuwa mchezo wa vita vya angani. Mchezaji alikaa kwenye kiti kilichombana kifua anapokata kona na kumpandisha tumbo kooni anaposhuka, akavaa kofia iliyosoma mapigo ya moyo wake, jasho lake na macho yake. Mbele yake palikuwa na mabonde, nyuma yake ndege za adui. Njia ya kumkwepa adui ilikuwa kushuka chini kabisa, kulaza ndege ubavu na kukata kona fupi kabla hajafyatua.

Nzige walipoanza kuvamia mikoa ya kati kila msimu, ndege zisizo na rubani zilishindwa kazi kwa sababu wadudu waliziba macho ya mitambo. Kikosi cha Anga cha Nzige kikahitaji watu wa kurusha ndege chini chini, na marubani wa kawaida waliokubali walikuwa wachache. Ndipo ofisa mmoja wa Kikosi alipogundua kwamba kona ya mwisho wa mstari wa dawa ni ile ile ya bondeni. Tangu siku hiyo, saa mia tatu katika kiwango cha juu cha Kipanga, kilichoitwa Uhalisia Kamili, zilihesabiwa kuwa nusu ya mafunzo ya rubani. Karakana ilifanya sherehe. Fadhila alipiga makofi na kula keki kama wengine.

Lakini Uhalisia Kamili haukuwa kamili.

Miaka mitano kabla ya hapo, karakana ilimwomba Meja mstaafu Ezekia Mng'ong'o, aliyerusha ndege za kivita kwa miaka ishirini na sita, aje asimamie hewa ya mchezo. Meja alitaka hewa ya kweli. "Mchezo usioadhibu kosa unafundisha kosa," alimwambia Fadhila, na Fadhila akamtengenezea hewa ya kweli. Bawa hubebwa na hewa inayopita juu yake kwa kasi. Ukivuta usukani kupita kiasi huku mwendo ni mdogo, hewa inaachana na bawa, na ndege inakuwa jiwe. Wachezaji mia mbili walialikwa kujaribu. Walikufa kwenye dakika ya pili, wakafa tena, wakavua kofia. Baada ya wiki moja walikuwa wamebaki kumi na mmoja.

Halfani Kilindo, mkuu wa karakana, alimwita Fadhila ofisini kwake. "Hakuna mtu anayerudi mahali anapodhalilishwa," alisema. "Tafuta njia."

Njia aliyoipata Fadhila aliiita Shangazi, kwa kuwa shangazi ndiye anayekupa sukari mama akigeuka. Ilikuwa programu ndogo iliyosikiliza ile kofia. Moyo na macho ya mchezaji vilipoonyesha kwamba anguko moja zaidi litamkatisha tamaa, Shangazi aliongeza nguvu kidogo chini ya bawa, kwa sekunde mbili, kisha akaondoa mkono. Kiti kilitikisika vile vile. King'ora kililia vile vile. Mchezaji alitokea upande wa pili wa kona akitweta, akiamini ameponea kwa ustadi wake.

Katika viwango vya chini hakukuwa na siri, kila mtu aliambiwa kwamba anasaidiwa. Uhalisia Kamili, kwa maandishi, haukuwa na msaada wowote. Fadhila alimzima Shangazi humo kwa mwezi mmoja, na watu wakahama. Akamwasha tena, kidogo tu, bila kuandika popote. Watu wakarudi, na walichousifia Kipanga kuliko vyote ni kwamba ulikuwa wa kweli.

*

Siku ya tatu Fadhila alikwenda Singida kumwona majeruhi kwa niaba ya karakana. Tumpe alikuwa amelala chali, kiuno chake kimefungwa ndani ya fremu ya chuma. Baba yake, mzee mrefu aliyekuwa amesafiri kutoka Tukuyu, alisimama kando ya kitanda ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Baba, huyu ndiye Dada Fadhila," Tumpe alisema. "Ndiye aliyetengeneza hewa ya Kipanga."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali. Mungu akubariki."

Fadhila akamgeukia mgonjwa. "Pole sana, Tumpe."

"Asante, nimeshapoa." Ilionekana alikuwa amejiandaa kusema jambo. "Dada, nilitaka nikuombe msamaha."

"Wa nini?"

"Watu wa uchunguzi walikuja jana. Wanasema nilivuta usukani kama mtu anayejionyesha. Sikuwa najionyesha, dada. Kona ile nimeikata mpaka mwili wangu umeizoea. Nilisikia king'ora, nikasema moyoni, hapa ndipo inapotikisika halafu inapita. Haikupita. Basi kuna kitu nilikosea, ila sikijui. Na sasa watu watasema mchezo wenu haufai. Nimewaharibia jina. Nisamehe."

Fadhila alitazama fremu ile, skrubu zake, na ngozi iliyovimba kuzizunguka. Ukweli ulikuwa mfupi sana. Ungetosha kwenye sentensi mbili.

"Usijali," alisema. "Yameshapita."

Alipotoka, mzee Mwakajila alimfuata hadi varandani. Alikohoa kwanza. "Mwanangu, nyumbani wananiuliza kama ni kweli mtoto wangu alikuwa akichezea mali ya umma. Mimi ni mkulima wa chai, mambo ya ndege siyajui. Wewe unayajua. Alikuwa anajionyesha?"

"Hapana, mzee."

"Basi ilikuwa nini?"

"Uchunguzi utasema," Fadhila alijibu, na mzee akamshukuru.

*

Aliporudi Dodoma alifungua kumbukumbu za Shangazi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka miwili. Tumpe alikuwa na saa mia nne na kumi na mbili katika Uhalisia Kamili. Katika kona fupi ya bondeni, Shangazi alikuwa amemshika bawa mara mia mbili na kumi na sita. Kona ambazo Tumpe alizimaliza peke yake zilikuwa tisa.

Fadhila alikaa akizitazama zile tisa. Kama zingekuwa sifuri, pengine ingekuwa nafuu. Tisa maana yake binti yule angeweza kujifunza, kama mtu angemwacha aanguke.

Akazichapisha kumbukumbu zile kwenye karatasi, akamwekea Halfani mezani. Halfani alisoma taratibu, akavua miwani.

"Nani mwingine ameziona?"

"Hakuna."

"Unataka tufanye nini?"

"Tuwaambie Kikosi. Wamebaki na marubani arobaini na mmoja waliotoka kwetu. Wote wana mwili uliofundishwa uongo; mwendo mkubwa ndio unaowaokoa, na siku ukipungua wataanguka."

Halfani hakupandisha sauti. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Ukiwaambia leo, kesho ndege zote ziko chini. Kundi la nzige liko Wembere, upepo unalisukuma kuelekea Iramba. Mama yangu yuko Kiomboi, ana ekari nne za mtama, hana kingine. Si yeye tu, wilaya nzima haina kingine. Ukimhesabu na Tumpe, wamefanya kazi miezi miwili, ameanguka yeye tu. Msimu unaisha baada ya wiki tano. Tungoje wiki tano, halafu mimi mwenyewe nitakwenda kusema."

"Akianguka mwingine?"

"Na watu wakilala njaa?"

Fadhila alizikusanya karatasi mezani. Kilichomwumiza baadaye, alipojiuliza, si kwamba alikubali kungoja. Ni jinsi alivyofarijika alipopata sababu nzuri ya kunyamaza. Usingizi ulimjia vizuri siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Siku ya sita taarifa ya uchunguzi ikasomwa redioni. Chanzo cha ajali: uzembe wa rubani, aliyekata kona kwa kujionyesha kinyume cha taratibu. Jina la Tumpe lilitajwa mara tatu, na jina la baba yake mara moja.

Fadhila alizima redio, akachukua mkoba wake, akapanda basi la Iringa.

*

Meja Mng'ong'o alikuwa na miaka sabini na miwili na aliishi peke yake Kihesa. Karakana ilimpa kiti cha Kipanga kama asante alipomaliza kazi, naye alikiweka sebuleni, mahali palipokuwa na kabati la vyombo. Kila alasiri alivaa kofia, akaruka. Kwenye orodha ya wachezaji bora wa nchi alikuwa wa kumi na nne, na jambo hilo alimweleza hata mchungaji wake.

Alimpokea Fadhila kwa furaha, akamkaribisha chai. Fadhila hakuigusa. Alimweleza yote kuanzia mwanzo: wachezaji mia mbili, Shangazi, kumzima, kumwasha. Alipofika kwa Tumpe, Meja aliweka kikombe chini.

"Nilitia sahihi," alisema. "Kikosi walipouliza kama hewa ile ni ya kweli, mimi ndiye niliyetia sahihi."

"Ndiyo, Meja. Sikukwambia."

"Kwa nini?"

Fadhila aliangalia sakafu. "Ulipojaribu toleo la kwanza ulianguka mara sita. Ukasema kuna kasoro kwenye hesabu zangu. Nilipomwasha Shangazi ukajaribu tena, ukapita. Ukacheka, ukasema, sasa hii ndiyo ndege. Ulifurahi mno, Meja. Nikaona aibu kukwambia."

Meja aligeuka kukitazama kiti chake cha Kipanga. Nje mtu alipita akisukuma baiskeli.

"Na mimi? Kumbukumbu zangu unazo?"

"Ninazo."

"Ananishika mara ngapi?"

"Meja..."

"Nimekuuliza mara ngapi."

"Miaka miwili hii, karibu kila kona. Na kila unapotua."

Meja aliinuka, akaenda kwenye kiti, akakaa, akavaa kofia. "Mzime."

Fadhila aliunganisha kompyuta yake, akamzima Shangazi. Meja akaruka. Akaingia bondeni, akalala ubavu, akavuta, king'ora kikalia, na ndege ikaenda chini. Akaanza upya. Ikaenda chini. Mara ya tatu ikaenda chini tena, na Fadhila alitamani kumwambia aache, ila hakuona kama ana haki ya kumwonea huruma tena. Mara ya nne Meja hakukata kona fupi. Alipanda juu, akageuka kwa upana, taratibu, na adui akamtungua kwa nyuma. Lakini bawa halikuacha kubeba.

Akavua kofia. Uso ulikuwa umelowa.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Ile siku ya kwanza. Mimi nimefundisha vijana miaka kumi na minane, nisijue bawa linapoachia? Hewa yako ilikuwa sawasawa. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa imezeeka, nikaisingizia hewa. Halafu uliponiletea ile nyingine nikasikia kitu kinanibeba, sekunde mbili hivi, kitu ambacho hakimo katika ndege yoyote niliyowahi kurusha. Sikuuliza. Nilikuwa na miaka thelathini tena, Fadhila. Nani anauliza?"

Alijifuta kwa kiganja. Hakumtazama.

"Usibebe yote peke yako," akasema. "Lakini yangu usinipunguzie. Kesho tunakwenda kambini."

"Na mashamba?"

"Mashamba yataliwa," Meja alisema. "Tutawaambia na hilo pia."

*

Kambi ya Kikosi ilikuwa Itigi, na marubani walikusanywa ndani ya banda la ndege, wamekaa kwenye mabenchi, wengi wao hawajafika miaka ishirini na mitano. Walipomwona Meja walisimama. Yeye akawaashiria wakae, akasema kwamba alitia sahihi jambo ambalo alikuwa na shaka nalo, kisha akampisha Fadhila.

Fadhila alizungumza kwa dakika kumi. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, mkuu wa kambi aliagiza ndege zote zibaki chini, na viti sita vya mazoezi vikawashwa bila Shangazi. Waliingia mmoja mmoja mbele ya wenzao. Kati ya arobaini na mmoja, ishirini na tisa walianguka kwenye kona ya kwanza.

Kijana mmoja mwenye kipara, ambaye wenzake walimwita Bingwa, alianguka mara tatu kisha akabaki amekaa kitini na kofia mapajani.

"Kwa hiyo mimi si rubani," alisema.

"Unaweza kuwa," Fadhila alimjibu.

"Sikukuuliza ninachoweza kuwa. Nimemwambia mke wangu mimi ni rubani. Nimemwambia mama yangu." Alimtazama bila hasira. "Uliona tunavyojisifu kule mtandaoni. Ulikuwa unasoma?"

"Nilikuwa nasoma."

"Ukawa unacheka?"

"Hapana. Nilikuwa nafurahi."

Kijana alitikisa kichwa, akainuka kumpisha mwingine.

Ndege zilikaa chini siku tisa. Meja aliwafundisha upya kuanzia alfajiri hadi jua kali, akiwaacha waanguke bila kuwasemea neno, kisha akiwaonyesha kona pana, inayochukua muda hata kwa siku rubani anamwaga nusu tu ya dawa aliyozoea. Siku ya tano nzige waliingia Iramba. Mtama wa kata tatu uliliwa mpaka mabua, shamba la mama yake Halfani likiwemo. Halfani alimtumia Fadhila picha ya shamba lile bila maneno yoyote, na Fadhila hakuifuta. Siku ya kumi marubani ishirini na wanne walirudi angani. Kumi na saba walirudi makwao. Msimu ule hakuanguka mwingine, ila hakuna aliyeweza kusema ni nani angeanguka, na kwa hiyo hakuna aliyeshukuru.

*

Kwa Tumpe Fadhila alikwenda mwisho. Alijiambia ni kwa sababu ya kazi ya kambini, na alijua kwamba si kweli.

Tumpe alikuwa bado hospitalini, ameshaketishwa kwenye kiti cha magurudumu. Madaktari walikuwa wamemwambia miguu huenda isirudi. Habari za Kipanga alikuwa amezisoma kama nchi nzima ilivyozisoma, kwa hiyo Fadhila hakuwa na jipya la kumweleza. Alimweleza tu, tangu mwanzo, na zile namba mbili: mia mbili na kumi na sita, na tisa.

"Tisa," Tumpe alisema.

"Ndiyo."

"Ningeweza kujifunza, basi."

"Ndiyo."

Tumpe aligeuza kiti kuelekea dirishani. Aliposema tena sauti yake ilikuwa tulivu kuliko Fadhila alivyotarajia, na utulivu ule ulimwogopesha.

"Ulipokuja mara ya kwanza ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikakuomba msamaha."

"Ndiyo."

"Ukaupokea."

"Nikaupokea," Fadhila alisema.

"Mimi siwezi kukusamehe leo," Tumpe alisema. "Labda siku nyingine, labda isiwepo. Sijui. Lakini baba yangu, tangu arudi Tukuyu na redio imtaje, alikuwa hatoki nyumbani. Jana ndiyo mara ya kwanza kwenda dukani. Habari za mchezo alisomewa, hakuzielewa. Anasema watu wa ndege wanateteana. Mpigie. Hapa hapa, nikisikia."

Fadhila alitoa simu. Tumpe akamtajia namba, tarakimu moja moja. Iliita mara tano.

"Shikamoo mzee. Ni Fadhila Mkwizu, wa mchezo wa Kipanga. Uliniuliza swali pale hospitali varandani, nikakudanganya."

Upande wa pili palikuwa na sauti za watu, kisha zikapungua.

"Swali lipi, mwanangu?"

"Uliuliza ilikuwa nini. Nilikuwa najua, mzee. Halikuwa kosa la Tumpe. Lilikuwa langu."

Mzee alisikika akisimama.

"Ngoja kidogo," alisema. "Niko dukani, nina majirani hapa. Ngoja niiweke kwa sauti kubwa na wao wasikie."

Fadhila alingoja. Alisikia benchi likiburuzwa kwenye saruji, mtu akiambiwa apunguze muziki, miguu ikisogea karibu. Tumpe alikuwa akimtazama usoni.

"Haya," mzee alisema. "Sema sasa. Anza na jina lako."